Kisu cha Babangu na Ufundi wa Karani

Mume wangu alikuwa karani wa gatini kule Mbaraki, na viganja vyake vilikuwa laini kuliko vyangu. Silisemi hili kwa kumsifu. Kalamu aliijua, mihuri aliijua, na kanzu yake aliijua kuiinua kidogo anapopita penye matope ili watu waone viatu. Nyundo hakuijua. Lakini miaka ile ya vita, visu vya Ulaya vilipoadimika madukani, alilala karani akaamka fundi.

Kuadimika kwenyewe kulikuwa kweli, siwezi kusema alikuzua. Meli zilijaa askari na masanduku yasiyosemwa ndani mna nini, na visu havikuwa miongoni mwa vitu vilivyokumbukwa. Pale Makadara palikuwa na duka la Mhindi ambalo zamani lilitundika visu ukutani kwa ukubwa wao, toka cha kumenyea ndimu mpaka cha kupasulia mbavu za ng'ombe. Vita vilipokolea ikabaki misumari tu. Basi watu wakaanza kuvirudia visu vyao vikuukuu. Kilichovunjika ncha kilichongwa ncha nyingine, kilicholika katikati kilifupishwa, na hata panga lililochakaa lilikatwa likawa kisu cha jikoni. Wenye akili waliwapelekea wahunzi. Wenye akili zaidi, kwa maoni ya mume wangu, walifanya wenyewe nyumbani.

Akapata cherehe, lile gurudumu la jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mkono. Alipewa na seremala mmoja wa Makupa aliyekuwa amechoka nalo. Angeweza kulipakia kwenye mkokoteni wa hamali. Hakutaka. Alilibeba begani kutoka Makupa hadi Mji wa Kale, jua la saa nane, akisimama kila kona kumwamkia mtu ili aulizwe amebeba nini.

Alilifunga uani, karibu na kisima, akaanza na kisu cha mkate cha mamake. Kilikuwa kisu kizuri, kirefu, chenye meno. Alikipunguza meno, akakipunguza urefu, akakipunguza na upana, na alipokwisha kilikuwa kifupi hivi kwamba ukikata kitunguu huna budi kukata na kidole. Mama mkwe wangu alikitumia siku hiyo hiyo. Jioni alikuwa amefunga kidole kwa kitambaa, na kwa kidole hicho hicho alikuwa akimwonyesha jirani kazi ya mwanawe.

"Mashaallah," akawa anasema, "mwanangu ana mikono ya baraka."

Na marafiki wa barazani wa mume wangu je! Walikuwa watatu, wote watu wa ofisi, na sidhani kama kati yao palikuwa na mmoja aliyewahi kupigilia msumari ukasimama wima. Walikaa juu ya baraza yetu kila alasiri wakinywa kahawa yangu na kumpa mawaidha ya ufundi. Kisha walileta visu vya wake zao. Kisu cha samaki cha nyumba ya pili kilirudi kikiwa na umbo la kijiko. Cha nyumba ya tatu kilirudi bila mpini, na maelezo marefu juu ya kwa nini mpini si lazima. Wale wanawake walikuwa wakiniangalia dirishani kama kwamba mimi ndiye niliyewavunjia nyumba. Katika miezi mitatu mtaa wetu ulikuwa hauna kisu kinachopita shibiri moja, ila kimoja tu nitakachokuja kukisema.

Mimi nilikuwa binti wa mhunzi. Babangu alifua visu na majembe katika kibanda chake miaka arubaini, na kwa kuwa ndugu yangu wa kiume alikuwa mdogo, mimi ndiye niliyemvutia mvukuto. Kwa hiyo nilijua mambo machache ambayo karani hakuyajua. Nilijua kwamba jiwe likizungushwa kavu juu ya chuma, chuma hupata moto, na kikipata moto mwingi hulegea. Babangu alikuwa na bakuli la maji pembeni, akipitisha kisu jiweni mara mbili, mara ya tatu anachovya. Hakuharakisha hata siku moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulisema hilo. Nilikuwa nimepita uani na ndoo, marafiki wake wako mlangoni, mamake ameketi juu ya mkeka, nami nikasema kwa heshima zote:

"Bwana, tia maji kidogo, chuma kisipate moto."

Akasimamisha cherehe. Akanitazama, akawatazama wenziwe.

"Babako alipiga chuma kwa kuwa hakupata wa kumfundisha kushika kalamu," akasema. "Mimi kalamu ninayo. Chuma hakitanishinda."

Wakacheka wote watatu. Mama mkwe wangu naye hakuniacha. "Mwanangu," akaniambia, "mume hafundishwi mbele za watu. Kwenu hamkufunzwa?"

Babangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu kaburini. Nilichukua ndoo yangu nikaingia jikoni, nikanyamaza. Na mimi nikinyamaza haina maana kwamba nimesamehe. Ni tabia mbaya, naijua, na sijaiacha.

Sasa nije kwenye kisu chenyewe. Nilipoolewa, babangu alinipa kisu kimoja, cha mwisho alichokifua mkono wake ukiwa bado haujatetemeka. Alikifua kutokana na springi ya gari bovu. Urefu wake ulikuwa toka kiwiko changu mpaka kifundo cha mkono, mpini wake wa mpingo, na mgongo wake umenyooka huoni pinda. Tangu kilipokuwa nyumbani kwetu, kila Idi ya Kuchinja kisu hicho kilizunguka mtaani, nyumba hadi nyumba, kwa sababu mnyama hakukisikia. Maalim wa chuo chetu cha Kurani, mzee aliyewachinjia watu wote wa mtaa, alikuwa hataki kingine. Nilipoolewa kikaja nami, kikatundikwa jikoni kwa mama mkwe wangu, na Idi ya kwanza kikazunguka vile vile. Kilikuwa changu, lakini kilikuwa na kazi, na ile kazi ndiyo iliyobaki ya babangu duniani.

Karibu miezi miwili kabla ya Idi ya pili, mume wangu alikitungua ukutani. Hakuniomba. Aliniarifu.

"Kisu hiki kirefu bure," akasema. "Ntakikata vitoke viwili. Kimoja cha Mama cha jikoni, na hiki chenye mpini kitabaki cha kutindia wanyama wa Idi."

Mtaka yote hukosa yote, wamesema waliotutangulia. Kisu kilikuwa mali yangu, nimepewa na babangu, na katika dini yetu hata mume hana haki ya kukigusa bila idhini. Ningesema neno moja tu, la, na angekirudisha, maana alikuwa na kiburi lakini hakuwa dhalimu. Nikamtazama usoni nikaona ule uso uliocheka uani. Nikasema, "Haya."

Alifanya kazi hiyo siku ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana. Alijaza makaa kwenye seredani, akayapepea kwa kipepeo changu cha jikoni mpaka jasho likamwingia machoni, akakitumbukiza kisu cha babangu ndani. Kilipokuwa chekundu alikilaza juu ya jiwe, akaweka tindo, akapiga. Alipiga kando. Akapiga tena. Mara ya tano kipande cha mbele kilikatika kikaruka, kikapita karibu na sikio la mamake kikaanguka chini ya mtungi.

"Mashaallah," akasema mama mkwe wangu, akijishika sikio.

Kisha likaja jambo ambalo nimelirudia kichwani mwangu zaidi ya sala nyingine. Alikuwa amekirudisha kile kipande kirefu, chenye mpini, ndani ya makaa, amekitoa tena kwa koleo, chekundu, na akasimama nacho. Hakujua afanye nini. Mamake alikuwa ameinama anatafuta kipande chini ya mtungi. Mimi nilikuwa nimeketi na ungo nachagua mchele. Akanisogelea, akainamisha kichwa, akanena kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mwana wa mhunzi, nikitie majini, ama nikiwate kipoe?"

Nilijua jibu lote. Nilijua rangi ya wekundu inayotakiwa, nilijua kichovywe vipi majini kisipinde, nilijua kisha kirudishwe motoni kidogo tu, mpaka kipate rangi ya majani makavu, basi. Miaka yangu ya mvukuto ilikuwa imelala kwenye ncha ya ulimi. Nikaokota kijiwe katika mchele, nikakitupa.

"Weye ndiwe fundi, bwana," nikamwambia.

Kisha akakifukia kwenye jivu kipoe polepole, kama muhogo.

Kesho yake alikisaga kwenye cherehe bila maji, kwa furaha, mpaka bapa lote likaingia rangi: manjano, halafu zambarau, halafu buluu. Alitoka nacho barazani amekilaza juu ya viganja viwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

"Tazameni rangi hino," akawaambia wenziwe. "Hapa chuma kimeiva."

"Kama shingo ya tausi," akasema mmoja wao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona tausi.

Nami jikoni nilicheka mpaka ikabidi niegemee ukuta. Ile buluu waliyoisifu ni rangi ambayo babangu akiiona kwenye makali alikuwa anakitupa kisu kwenye pipa la vyuma vibovu. Chuma namna hiyo hakikatai kunolewa, na hapo ndipo kinapowadanganya wajinga. Ukikinoa kitanyoa hata unywele wa mkono. Lakini makali yake hayana nguvu, yakikutana na kazi hujikunja kama ukingo wa mkebe. Nilijua kitakachotokea. Siku ya Idi, mbele ya mtaa mzima, mbele ya Maalim, kisu cha karani kitamgoma shingoni mwa kondoo wake mwenyewe, na Maalim atauliza ni nani aliyeharibu kazi ya marehemu fulani. Nilingoja Idi ile kama mtoto anavyongoja nguo mpya.

Siku moja kabla ya Idi, ndugu yangu akapiga hodi. Alikuwa na kondoo mweupe mwenye mkia mzito.

"Huyu ni wa Baba," akaniambia. "Nimemnuia. Atindwe hapa kwako, kwa kisu chake mwenyewe, thawabu zimfikie."

Hapo mtu mwenye akili angesema. Mimi nilipiga hesabu. Wa kwanza kuchinjwa atakuwa kondoo wa mwenye nyumba, ndiyo desturi. Kisu kitagoma kwa huyo, mume wangu atapata aibu yake, kutaazimwa kisu kingine, na kondoo wa babangu atachinjwa vizuri. Ilikuwa hesabu safi. Makarani hawako Mbaraki peke yake.

Tulipotoka kwenye sala ya Idi ua ukajaa. Wanaume walikuwa wamekunja kanzu, wanawake tumejibana mlango wa jikoni tumejifunika leso. Maalim akapewa kisu. Alikigeuza, akakitazama mgongo, akautambua mpini.

"Kisu hiki nakijua," akasema. "Mbona kimefupika?"

"Nimekitengeneza mwenyewe, Maalim," akasema mume wangu, na kifua kikamtangulia.

Maalim akayajaribu makali juu ya ukucha wa kidole gumba, kisha juu ya malaika ya mkono. Yakakatika. Akaridhika. Kondoo wa mume wangu akalazwa, akaelekezwa kibla, na akachinjwa kwa mkupuo mmoja, safi kabisa, hata miguu haikurusha vumbi.

Watu wakasema Alhamdulillahi. Mimi nilikasirika. Nasema ukweli: mnyama alikufa bila kuteswa siku tukufu, na mimi nilisimama pale nimekasirika. Nikaanza hata kushuku kwamba huenda karani alikuwa anajua, na babangu, na maji yake na bakuli lake na kutoharakisha kwake, ndiye aliyekuwa hajui. Na wakati mimi nakula hasira hiyo, ndugu yangu alikuwa anamlaza kondoo mweupe. Muda ulikuwepo. Walimfunga miguu, wakamgeuza, Maalim akauliza ni wa nani, ndugu yangu akalitaja jina la babetu. Kinywa nilikuwa nacho. Nilikuwa nimekiziba kwa leso.

Maalim akapiga bismillahi, akavuta. Kisu kikateleza. Akavuta tena, na nikasikia sauti ya chuma juu ya manyoya, sauti ya kukwangua. Kondoo akalia. Damu ilikuja kidogo, si ile inayotakiwa. Maalim akakiinua kisu akakitazama, na hata kutoka mlangoni niliona makali yamelala upande mmoja.

"Kisu!" akapiga kelele. "Leteni kisu chengine, upesi!"

Mama mkwe wangu akakimbia jikoni, akarudi na kisu chake cha vitunguu. Maalim alikitazama kile kijisu, akamtazama na mama mkwe wangu. Mtu akakimbilia nyumba ya pili, akaja na kile cha umbo la kijiko. Nyumba ya tatu wakaleta kile kisicho na mpini. Mtaa mzima ulikuwa umefupishwa. Kisu cha haki kilipatikana mtaa wa nyuma, na kilipofika ndugu yangu alikuwa amekwisha kuiachia ile miguu, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuishika tena. Kondoo wa babangu alikufa polepole, kwa maumivu, na akafa mzoga, si halali kwa mtu.

Maalim alikaa chini kwenye ukingo wa kisima. Alipapasa bapa kwa kidole.

"Nani aliyekitia moto?" akauliza.

"Ni mimi, Maalim," akasema mume wangu.

Alikuwa amevaa kanzu mpya, na damu imemrukia hadi kifuani. Watu walimtazama, na kutoka nyuma nikasikia mmoja wa wale wa barazani akicheka. Aibu niliyoingoja ilikuwa imekuja yote, haikupungua hata kidogo. Mume wangu aliinua macho akanitafuta mlangoni, akaniona. Nilidhani atasema: nilimuuliza mke wangu, naye anajua, akanificha. Hakusema. Alisimama akaibeba peke yake mbele ya watu wote, na hilo sina budi kulisema ijapokuwa halinifurahishi.

Ndugu yangu alimfukia kondoo kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, na nguo zake za Idi mwilini. Hakuniaga. Mama mkwe wangu alisema ni kijicho cha watu. Cherehe ilirudi Makupa kwa seremala wake, safari hii imefungwa ndani ya gunia, na mchukuzi wake alipita vichochoroni bila kumwamkia mtu.

Siku kadhaa zikapita hatusemezani zaidi ya chakula na chumvi. Kisha mchana mmoja, tumekaa tunakula, akauacha mkono wake juu ya sinia.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ulinitukania babangu mbele za watu," nikamjibu. Nilikuwa nimeliweka tayari jibu hilo muda mrefu, na nililitoa kwa nguvu.

Akatikisa kichwa taratibu. "Najua. Wadhani kwa nini nilikuja kukuuliza? Sikuweza kukutaka radhi vyengine."

Akanawa mikono, akavaa viatu vyake, akaenda zake kazini.

Sikumjibu siku ile, wala baadaye, na sasa hayupo wa kujibiwa. Kile kisu ninacho. Yale makali yaliyojikunja niliyasaga mwenyewe juu ya kinoo, kwa maji, nikakifupisha tena mpaka kikawa kidogo cha kumenyea tangawizi. Kukirudishia nguvu yake najua: moto, maji, kisha moto kidogo. Sijafanya. Kila asubuhi nakinoa, na adhuhuri makali yamekwisha kulala. Wajukuu zangu hunicheka, mbona bibi hanunui kingine. Wakiniuliza ni nani aliyekiharibu, huwajibu kwamba ni babu yao, yule karani aliyejitia ufundi, nao humcheka sana babu yao. Nami huwaacha wacheke.